Dakika 3 katikati ya kusahihisha

Mhadhiri mwenye rundo la mitihani, usisahihishe mwanafunzi mmoja mmoja. Nenda swali kwa swali. Maliza swali la 1 kwenye vijitabu 20, kisha weka kalamu chini na ulaze simu kifudifudi. Kanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, legeza taya na mabega. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole hadi 6, kwa dakika 3. Kutoa pumzi taratibu ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo usivute kwa nguvu: ukizidisha, kaboni dayoksaidi hushuka mno kwenye damu na kizunguzungu kinaanza. Mawazo yakikimbilia kikao cha idara (na yatakimbilia tu), rudi kwenye hesabu. Wengi huacha hapa, wakidhani lengo ni kutowaza chochote.

Kama hasira ya jibu bovu bado iko kifuani, usiandike alama. Atakayeadhibiwa ni mwanafunzi anayefuata.

Lakini darasa la watu 400 bila msaidizi halitibiwi kwa pumzi. Hilo lipeleke kwa mkuu wa idara, kwa maandishi, kabla ratiba ya muhula haijapangwa.