Pesa imeingia kweli? Angalia hivi

Nauza viazi karai Makadara, na jioni mikono yangu imejaa unga na mafuta. Mteja akininyooshea simu, "Mamangu, nishatuma," simu yake siitazami hata kidogo. Nafuta mikono kwa kanga, nafungua yangu.

Ujumbe wa kweli huandikwa MPESA pale juu, si nambari ya mtu. Usiishie hapo: piga *334# uangalie salio lako.

Na akikupigia mtu analia kwamba amekosea nambari, umrudishie? Usimtumie chochote. Mwambie aupeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, nambari ya Safaricom, ashughulikiwe huko. Mie nilimwonea mmoja huruma bila kutazama salio. Shilingi 1,500 zikaenda, nazo zilikuwa pesa za mbatata za kesho yake.