Mtoto anaingia thieta kesho: maandalizi ya sindano

Muulize mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri ni kitu gani kilimtisha, na mara nyingi hatataja kisu. Kisu hakukiona, alikuwa amelala. Atataja sindano ya kaniula, ile inayoingizwa kwenye mshipa wa mkono ili dawa ya usingizi ipite.

Jambo la kwanza la kuuliza ni dawa ya ganzi ya kupaka, na liulizwe mapema, siku ya kliniki au jioni ya kulazwa. Inayofahamika zaidi ni EMLA, krimu yenye lidokaini na prilokaini. Hupakwa kwa wingi nyuma ya kiganja bila kusuguliwa, ikafunikwa kwa plasta ya nailoni, na inahitaji angalau dakika 60 ndipo ngozi ife ganzi. Hapo ndipo wengi tunapokwama: mzazi anaikumbuka mlangoni mwa thieta, na saa nzima haipatikani tena. Ipakwe mikono yote miwili, maana mshipa wa kwanza unaweza kugoma. Ngozi ikigeuka nyeupe usishtuke, ndivyo inavyofanya. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mwambie daktari kama anatumia Septrin au dawa nyingine yenye salfa, kwa sababu zikikutana na krimu hiyo zinaweza kupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni. Hospitali yenu isipokuwa nayo, uliza kama inapatikana famasi, na kiasi cha kupaka kipangwe na wahudumu, si kwa kukadiria.

Uliza pia kama mtoto anaweza kuvutishwa dawa kwa barakoa kwanza, kisha achomwe akiwa ameshalala. Kwa watoto wengi inawezekana. Isipokuwa pale upasuaji ni wa dharura na tumbo lina chakula: hapo mtaalamu wa usingizi kwa kawaida atataka mshipa kwanza, na ana sababu ya maana.

Kuhusu kufunga, fuateni maelekezo ya hospitali yenu. Utaratibu unaotumika sana ni kuacha chakula na maziwa ya kopo masaa 6 kabla ya dawa ya usingizi, maziwa ya mama masaa 4 kabla, na maji matupu masaa 2 kabla. Uji ni chakula, hata uwe mwepesi vipi. Lakini kumnyima mtoto maji tangu magharibi “kwa usalama” kunamponza: mwili ukikauka mishipa inasinyaa, na atachomwa mara tatu badala ya moja. Asubuhi ya baridi mfunike mikono kwa kitenge, kwani mkono wenye joto huonyesha mshipa vizuri zaidi.

Maneno nayo yaandaliwe. Usimwambie “hutachomwa”, kwa sababu atachomwa, na hatakuamini utakapomwambia kwamba usingizi utaisha na ataamka. Mwambie kwa ufupi: utahisi kama unafinywa, nitakuwa nimekushika, kisha utalala. (Ukimlinganishia na siafu umeharibu.) Wa miaka mitatu anatosha kuambiwa usiku ule au asubuhi yake, wa miaka saba mpe siku kadhaa aulize maswali. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu wa kusema “ukilia daktari atakuchoma sindano”, mnyamazishe wiki hii.

Wakati wa kuchomwa, omba akae mapajani mwako, kifua kwa kifua, mkono mmoja ukitokea ubavuni mwako. Kumlaza chali na kumbana watu wanne kunamtia hofu kuliko sindano yenyewe. Mpe kazi: apulize mapovu ya sabuni, atazame katuni kwenye simu, au ahesabu na shangazi yake. Kwa mtoto mchanga, matone machache ya maji ya sukari ulimini dakika mbili kabla hupunguza maumivu, ila kwa kuwa amefungishwa, mtaalamu wa usingizi aruhusu kwanza.

Akirudi wodini kaniula itakuwa bado ipo, na dawa zake zitapitia humo humo. Akiing’oa, atachomwa upya. Soksi safi juu ya mkono husaidia, mradi ivuliwe kila nesi anapopita, aone kama mkono umevimba.