Somo: Kuandaa idara ya afya ya kabila kwa ithibati ya PHAB

Hili ni la wenzetu mnaofanya kazi na mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani. PHAB, bodi ya ithibati ya afya ya jamii, ilianza kupokea maombi ya ithibati mwaka 2011. Idara ya kabila ya kwanza kupita ilikuwa ya Taifa la Cherokee, Oklahoma, Agosti 2016.

Hatua ya 1: Baraza la kabila. Pateni azimio la maandishi linaloipa idara mamlaka ya afya ya jamii. Kazi nyingine hushikwa na IHS (huduma ya afya ya serikali kuu kwa makabila), nyingine na jimbo au kaunti. Andikeni nani anafanya nini, maana mkaguzi atauliza.

Hatua ya 2: Nyaraka tatu: tathmini ya afya ya jamii, mpango wa kuboresha afya hiyo, na mpango mkakati wa idara. Tathmini ndiyo inayokula muda. Takwimu ombeni kwenye kituo cha epidemiolojia (ufuatiliaji wa magonjwa katika jamii) cha makabila. Viko 12 nchini. Angalieni lakini: mkichapisha "wagonjwa 3" katika jamii ndogo, kila mtu anawajua kwa majina. Unganisheni takwimu za miaka kadhaa.

Hatua ya 3: Ushahidi. Wengi hukwama hapa, na si kwamba hawajafanya kazi. Karatasi ya mahudhurio ya siku ya chanjo ya mafua, bila tarehe wala jina la idara, haithibitishi kitu. Rasimu nazo hazipokelewi.

Hatua ya 4: Pakieni nyaraka mtandaoni, pokeeni wakaguzi, jibuni hoja zao. Kama hatua ya 3 imekaa sawa, hapa hamna presha.

MASWALI

– Mwalimu, kliniki yetu tayari ina ithibati ya matibabu. Haitoshi?
Haitoshi, dada. Ile hupima tiba ya mgonjwa mmoja mmoja. PHAB inaangalia afya ya jamii nzima.

– Tuko wachache mno. Tusubiri?
Anzeni na Pathways, mpango wa PHAB kwa idara ambazo bado hazijawa tayari.

– Ithibati ikipatikana, ndiyo basi?
Ni miaka 5, na ripoti kila mwaka.

– Wazee wamekataa mila za uponyaji kuandikwa. Tufanyeje, kaka?
Msiziandike. Onyesheni kwamba wazee walishirikishwa kwenye mpango. Yaliyosemwa ndani yabaki yao.