Baiskeli ya umeme ya kupandia milima: usiangalie wati peke yake

Wengi wakitafuta baiskeli ya umeme ya kwendea kazini huanza kuuliza wati. Kama njia yako ina milima, uliza kwanza mota imekaa wapi.

Mota ya kwenye kitovu cha gurudumu haipitii gia za baiskeli. Mlima ukiwa mkali na mrefu, gurudumu huzunguka polepole, mota hula umeme mwingi na kupata moto, na nguvu hupungua pale pale unapoihitaji. Mota ya katikati, penye pedeli, husukuma mnyororo, kwa hiyo ukiweka gia nyepesi nayo hupata nafuu. Mnyororo utalika mapema zaidi, ni kweli, lakini kwa mtu wa milima naona inafaa kabisa.

Kisha tazama nguvu ya kusokota, ile namba yenye Nm. 40 hutosha tambarare. Kwa milima ya kila siku mimi ningetafuta 60 kwenda juu, na 80 ukibeba mzigo.

Betri usiipime kwa volti tu. Zidisha volti kwa Ah (ampea-saa) upate Wh (wati-saa), yaani umeme wote unaobebwa na betri: volti 36 mara Ah 14 ni 504 Wh. Chukua yenye akiba, maana milima huimaliza haraka.

Breki ziwe za diski, za mafuta ukimudu. Baiskeli hizi ni nzito, na mlima ulioupanda asubuhi utaushuka jioni.

Kabla hujalipa, ijaribu mlimani: simama katikati ya mwinuko, halafu uanze tena kuendesha ukiwa umeketi.