Treni ya asubuhi kutoka Kikuyu hadi mjini

Ukihamia Kikuyu na kazi yako iko katikati ya Nairobi, jaribu treni kabla hujazoea matatu. Mimi ni fundi cherehani, nabeba vitambaa, na jam ya Waiyaki Way hunilia saa ambazo ningekuwa nimeshakata gauni.

Nenda stesheni jioni ya kuamkia safari uulize treni inaondoka saa ngapi na nauli inalipwaje. Uliza wahudumu wenyewe, kwa maana saa hubadilika na jirani atakupa ya mwaka jana. Treni hizi zimepangiwa wafanyakazi: asubuhi zinateremka mjini, jioni zinapanda. Ukiachwa asubuhi, ni matatu tu. Weka pesa kwenye M-Pesa, ubebe na noti ndogo ndogo. Sweta usisahau, hasa Juni hadi Agosti. Huku tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari na baridi yake ni ya kweli.

Sasa, kuhusu kuchelewa, ambako ndiko kunakowakimbiza wengi. Reli hii ni ile ya zamani, iliyofika Nairobi Mei 1899, ikapanda huku kwetu na kumalizikia Kisumu mwaka 1901. Wakati mmoja ilipita palipo Uhuru Highway. Siku hizi inapitia Dagoretti na Kibera. Lakini bado ni njia moja, ya upana wa mita moja, na treni mbili haziwezi kupishana ila penye stesheni. Kwa hiyo mkisimama mahali bila kuelezwa, huenda mnapisha treni ya mizigo. Tulia. Wanaoshuka kutafuta bodaboda mara nyingi huiona treni ikiwapita.

Mkikaribia Kibera, ingiza mkono na simu ndani. Vibanda viko karibu kabisa na reli na watu wanatafuta riziki hapo. Dereva hupiga honi sana, na ni haki yao kusikia.

Mjini utashukia stesheni kuu, upande wa Haile Selassie Avenue. Mwenye mzigo na asubiri umati utoke kwanza. Kutoka hapo hadi River Road mimi hutembea.

Jioni rudi mapema ukitaka kiti. Treni inapanda mlima, inakwenda polepole kuliko asubuhi, na kusimama hadi Kikuyu ukiwa umeshinda kwenye cherehani kunaumiza mgongo.