Kabla hujamwambia Mjerumani "njoo"

Sehemu ya tatu ya mazungumzo katika mtihani wa Kijerumani wa A1, yaani ngazi ya kwanza, wa Goethe-Institut (taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani) ni ya kuombana. Unaokota kadi yenye picha ya kitu cha kawaida, tuseme dirisha, na unamwomba mwenzako jambo linalohusu kitu hicho. Wengi hukwama hapo ilhali neno "dirisha" wanalijua fika. Kinachowashinda ni kitenzi.

Kwanza ujue unasema na nani. Sisi tuna njoo na njooni, basi. Wajerumani wana Komm kwa rafiki au ndugu, Kommt kwa hao hao wakiwa wengi (hiyo t ichukulie kama -ni yetu), na Kommen Sie kwa usiyemzoea, awe mmoja au kumi. Hii ya heshima ndiyo inayotuponza. Kiswahili kikiamrisha hakina haja ya kusema "wewe", kwa hiyo mwanafunzi huiangusha Sie bila kujua. Kommen ikibaki peke yake si tena amri kwa mtu aliye mbele yako, ni kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi. Umbo hilo waachie waandika vibao: Nicht rauchen (usivute sigara), au Ziehen kwenye mlango wa kuvuta. Na ukishachagua Sie, usije ukateleza katikati ukasema Gib mir, "nipe" ya kirafiki.

Kwa rafiki, chukua umbo la du ("wewe" ya kirafiki), ondoa du yenyewe na mwisho wake: du machst (unafanya), Mach! Vitenzi vinavyobadili irabu uwe umevikariri mapema, maana havina tabia moja. Vya e kugeuka i au ie hubaki vimegeuka: du nimmst (unachukua), Nimm, du liest (unasoma), Lies. Vinavyovaa nukta mbili juu ya a huzivua: du fährst (unaendesha), lakini Fahr! Mitaani utawasikia Wajerumani wenyewe wakisema Nehm badala ya Nimm. Waache, wao hawafanyi A1. Mzizi ukiishia t au d, ongeza e: Warte (subiri)! Sein (kuwa) nayo haina njia ya mkato: Sei, Seid, Seien Sie.

Turudi kwenye dirisha. Kufungua ni aufmachen, na kwenye amri kitenzi hiki hukatika, kipande cha mbele kikaenda mwisho kabisa: Machen Sie bitte das Fenster auf. Ukijizoeza kitenzi kikiwa pekee, siku ya siku utatamka Aufmachen Sie. Jizoeze na sentensi nzima.

Hiyo bitte (tafadhali) usiiache nyumbani. Bila yake ombi linakuwa kavu kama "nipe" bila "naomba". Kwa rafiki kuna pia mal, ambayo naiona ndugu wa "hebu" yetu: Komm mal her, hebu njoo hapa.

Halafu mwenzako naye atakuomba kitu. Uwe na Ja, gern (ndiyo, kwa furaha) mdomoni, au Tut mir leid (samahani) kama huna.