Kidevu Kigumu Hujengwa Shingoni na Machoni

Watu wa masumbwi wakisema bondia fulani ana kidevu kigumu, yaani hupigwa makonde asianguke, wengi hudhani ni habari ya mfupa. Ni habari ya mzunguko wa kichwa. Kidevu kiko mbali na pale kichwa kinapokalia shingo, kwa hiyo hufanya kazi kama mpini mrefu wa spana: konde dogo likitua kwenye ncha yake kwa pembeni, kichwa kizima hugeuka ghafla. Ubongo, unaoelea ndani ya majimaji ya fuvu, huchelewa kukifuata, hujivuta na kujisokota, na bondia huzimika. Konde zito la paji la uso huuma zaidi lakini huzimisha mara chache.

Mengine mtu huzaliwa nayo. George Chuvalo wa Kanada alipigana mapambano 93 ya kulipwa bila kuangushwa hata mara moja, na wapinzani wake walikuwa pamoja na Muhammad Ali, Joe Frazier na George Foreman. Yanayofundishika ni haya.

Anza na shingo. Ikikaza kabla konde halijafika, kichwa hushikamana na kiwiliwili na mzunguko hupungua. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa mbele huku kiganja kikizuia, kichwa kisisogee. Hesabu sekunde 8. Fanya hivyo kwa kisogo, kisha kila upande. Hiyo ni seti moja. Fanya 3, siku 3 kwa wiki, na wiki mbili za kwanza tumia nusu ya nguvu zako. Baadaye lala chali kwenye benchi kichwa kikining'inia nje, kiinue na kukishusha polepole mara 15. Uzito wa kufunga kichwani uanze kilo 2, sio zaidi. Daraja la wanamieleka, lile la kusimamia utosi, tunashauri anayeanza aliache kabisa kwa sababu hukandamiza pingili za shingo. Ganzi au mchomo ukishuka mkononi, acha zoezi na umwone daktari. Tena, fanya haya baada ya kupigana mazoezini, kamwe si kabla: shingo iliyochoka haizuii kitu.

Kidevu kishushwe, lakini hapa ndipo wengi hukosea. Huinamisha kichwa kizima mpaka macho yanatazama sakafu, na konde la kutoka chini huwakuta hawajui lilikotoka. Bana mpira wa tenisi kati ya kidevu na kifua, upige ngumi za hewani raundi 3 za dakika 3 huku ukimtazama mwenzako kupitia chini ya nyusi. Bega la mkono unaopiga lipande hadi liguse shavu. Meno yakaze juu ya kinga ya meno, pumua kwa pua. Taya lililolegea huvunjika kirahisi.

Macho ndiyo yenye kazi kubwa kuliko yote. Konde linaloangusha ni lile usiloliona, maana mwili haukupata nafasi ya kukaza shingo wala kurudi nyuma nalo. Mwenzako avae glavu akuguse usoni taratibu, mara 30 hadi 40 kwa raundi, kazi yako ikiwa kutofumba macho tu. Mkizoea, aongeze kasi bila kuongeza nguvu. Kisha funga kamba toka ukuta hadi ukuta usawa wa mabega, upite chini yake kushoto na kulia kwa kukunja magoti, sio mgongo.

Tazameni pambano la Ali na Foreman mjini Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Foreman alikuwa amemwangusha Frazier mara 6 katika raundi 2 mwaka uliotangulia. Ali aliegemea kamba za ulingo, kichwa amekirudisha nyuma, viwiko vimefunga mbavu, akiyaona makonde yakija. Mengi yalitua mikononi au yakapungua nguvu kwa sababu kichwa chake kilikuwa tayari kinaondoka nayo. Foreman alichoka, na raundi ya 8 akalambishwa sakafu yeye.

Uzito nao una sehemu yake. Bondia anayejikausha maji siku mbili kabla ya kupima uzito ili apungue huingia ulingoni miguu mizito na akili nzito, anachelewa kuona na kukwepa. Shusha nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki, kwa chakula, ukianza mapema.

Na kuna kosa moja linalotusikitisha kila tunapoliona: kocha anayempigisha kijana makonde mazito kila siku eti kichwa kizoee. Kichwa hakizoei. Kila mtikiso wa ubongo huongeza hatari ya ule unaofuata, na kofia ya mazoezi hupunguza michaniko zaidi kuliko mtikiso. Makonde mazito yawe machache, na yapangwe.

Aliyezimishwa asirudi ulingoni siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Apumzike angalau siku 30 bila kupigana hata mazoezini, na arudi kwa ruhusa ya daktari. Akitapika, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia kupita kawaida au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, apelekwe hospitali papo hapo.